Kodi Nayo Ina Mizani

Langoni mwa jumba la Kitisuru, bawabu aliyekuja kwa matatu humfungulia tajiri wake aliye ndani ya gari. Kodi ya mafuta, iliyopandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16, iliwagusa wote wawili: mmoja kwenye tangi, mwingine kwenye nauli. Kwa yule ni tone. Kwa huyu ni unga wa jioni.

Na ardhi je? Miaka na miaka viwanja vya Nairobi vilitozwa kwa thamani ya miaka ya 1980, hadi lilipokuja daftari la mwaka 2019. Bei ilipaa, kodi ikasinzia.

Sisi tuliokaa chuoni twaijua hesabu ya zaka ya fedha: ikifika nisabu na kutimiza mwaka, fungu moja katika arubaini hutolewa. Asiyefikia haulizwi. Hata mtoto aweza kuipiga hesabu hiyo. Serikali si msikiti, lakini mizani ni mizani. Wakubwa wetu na waanzie kwenye ardhi na utajiri, wapunguze kwenye nauli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.