Mvuke Si wa Kila Chakula

Vyombo vya umeme vya kupikia kwa mvuke, vyenye ghorofa mbili au tatu, huuzwa kwa sifa moja kuu, nayo ni afya. Sifa hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoweza kumdhuru mlaji.

Kwa mboga za majani hakuna ubishi. Vitamini C na foleti huyeyuka katika maji, na anayechemsha mchicha katika maji mengi kisha akayamwaga huwa amemwaga sehemu ya kile alichokifuata sokoni. Mchicha uliokaa juu ya mvuke dakika chache hubaki na virutubisho vingi zaidi, hasa ukiliwa papo hapo. Samaki, viazi vitamu na ndizi nazo hufaa. Waganda wamepika matoke kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba kwa vizazi vingi bila kungoja umeme wala matangazo.

Hatari huanza chombo hicho kinapofanywa jawabu la kila chakula. Muhogo mchungu una viambato vinavyozalisha sianidi. Huondolewa kwa kuloweka, kuvundika, kuponda na kuanika, kazi ambazo hukipa kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe nafasi ya kuvivunja. Mvuke hukiharibu kimeng'enya hicho mapema, na kwa kuwa hakuna maji ya kumwaga, sehemu kubwa ya viambato hivyo hubaki. Muhogo hutoka laini na wa kupendeza, sumu ikiwa imo. Ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu moja kwa moja na umewahi kuripotiwa katika mikoa ya Mara na Mtwara, hutokana na ulaji wa namna hiyo wa muhogo usioandaliwa vyema, hasa pale mlo unapokosa protini. Jina lake limetoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa sana, kama bibi zetu walivyofanya. Hapa wao walikuwa mbele ya kijitabu cha maelekezo.

Maharage makavu, hasa mekundu, yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya. Mvuke si mahali pake.

Wapo pia wagonjwa wa figo walioagizwa na daktari kupunguza potasiamu. Kwao ushauri unageuka kabisa: viazi na ndizi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi na maji hayo yamwagwe. Kinachomfaa jirani mwenye figo nzima huweza kumletea mgonjwa huyu hitilafu ya mapigo ya moyo. Mauzo ya chombo hayatofautishi watu hawa wawili, na wala hayatarajiwi kufanya hivyo; ni kazi ya kliniki kuuliza mgonjwa anapikaje.

Asiye na fedha ya chombo hicho hajapungukiwa. Sufuria yenye kifuniko kizito na kichujio cha chuma kisichogusa maji vinatosha. Kisichofaa ni mfuko wa nailoni unaofunikwa juu ya wali ili mvuke usitoke. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuko vyepesi bado vimo jikoni, na havikutengenezwa kuhimili joto hilo. Jani la mgomba lililooshwa linaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe kwenye kipasha moto. Siki iliyochanganywa na maji huulainisha. Maji yaliyobaki yamwagwe kila siku. Na kifuniko kifunuliwe kwa kuinua upande ulio mbali na uso, watoto wakiwa wamesogezwa, kwa kuwa mvuke ukigeuka maji juu ya ngozi huachia joto jingi kuliko maji yenyewe yanayochemka.