Pakiti Iliyopitia London

BARAZANI
Na Salim Bakari Mshamu

Juma lililopita, baada ya kungoja mno ukurasa wa ofisi moja ya hapa hapa Mombasa, ambayo seva yake imo katika jengo nisilohitaji hata robo saa kulifikia kwa miguu, nalifungua dirisha la amri katika kompyuta, nikaandika neno traceroute (wenye Windows huandika tracert) na anwani ya ofisi ile, nikaketi kutazama. Ruta tatu za mwanzo, yaani mitambo ielekezayo data njiani, zilijibu kwa milisekunde zisizozidi kumi. Ya saba ikajibu kwa 160, na jina lake limebeba herufi za London, ndipo njia ikageuka kurejea Mombasa.

Chombo hiki cha traceroute alikiandika Van Jacobson mwaka 1988, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, kwa rai ya Steve Deering, na hila yake ni latifu sana. Kila pakiti, yaani kifurushi cha data kisafiricho mtandaoni, hubeba tarakimu ya umri wake, na kila ruta ipitayo huipunguza moja; umri ukiisha, ruta huitupa pakiti na kumpelekea aliyeituma khabari ya mauti yake. Basi traceroute hutuma kwanza pakiti za umri wa moja, zikafia kwa ruta ya kwanza, kisha za umri wa mbili, zikafia kwa ya pili, na kuendelea vivyo hivyo, hata njia nzima ikadhihirika kwa taazia za pakiti zilizofia humo. Na nyota zikitokea mahali pa majibu, msomaji asihukumu kwamba njia imekatika, kwani ziko ruta zilizoamriwa kunyamaza ilhali zapitisha pakiti za watu kama kawaida.

Na mzunguko huo wa London una asili yake. Nairobi ilipata KIXP, mahali pa makampuni ya intaneti kubadilishana pakiti humu nchini, mwaka 2000, ikafungwa kwa amri baada ya majuma mawili, ikafunguliwa tena 2002. Siku zile pakiti zilipanda hadi setilaiti, kilomita 36,000 juu yetu. Kebo za baharini zilizotufikia tangu 2009 zimeondoa taabu hiyo, lakini kebo haichagui njia. Njia huchaguliwa na mapatano ya makampuni, na yasipopatana hapa nyumbani, jirani humfikia jirani yake kwa kupitia Ulaya.

Kwa hiyo namwomba kila msomaji aijaribu amri hii leo, na akiiona London katika safari ya mtaa wa pili, aipelekee kampuni yake mistari ile na kuitaka ijibu.