Kutoka Crown Mpaka Probox: Mshkaji wa Mbesa Wala Hajashuka

Mjini stori hazilali. Wiki hii inayozunguka ni ya mshkaji mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, jina liwekwe kando, ambaye miaka mitatu mfululizo picha zake za Desemba zilikuwa moto. Mwaka wa kwanza Crown Athlete nyeupe. Wa pili Harrier. Wa tatu Mark X. Sasa kaonekana anashuka kwenye Probox ya zamani, namba C, mlango wa nyuma umepauka rangi. Watu wakapata pa kuanzia. "Vyuma vimekaza." "Kafulia huyo." "Crown iko wapi baba?"

Crown ilirudi kwa mwenyewe Desemba ileile, imeoshwa na tenki limejaa, kama walivyoandikiana. Harrier nayo vivyo hivyo. Mark X ilirudi na mkwaruzo chini ya bampa, na mkwaruzo huo ukala hela ya Januari nzima. Zote zilikuwa za kukodi.

Na wala hapo siyo pa kumcheka. Maharusi wanakodi, wanaoshuti video za muziki wanakodi, na hakuna anayewazomea. Kwa mtu anayependa magari kweli, kukodi ni shule, tena ya bei nafuu kuliko kununua kwa sura. Huyu kwao ni Mbesa, mkoani Ruvuma. Kutoka Dar unavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, unapita Nangurukuru, unaicha Lindi, unakunja Mingoyo, Masasi, Mangaka mpaka Tunduru. Ukiwa na Crown kwenye lami hiyo unajiona waziri. Gari limetulia, kiyoyozi kinapuliza, mguu wenyewe unataka kukandamiza, na tochi za trafiki nazo zinakusubiri vijijini kwenye vibao vya hamsini. Lakini Mbesa haiko kwenye lami hiyo. Tunduru mjini unakata kushika vumbi, na hapo Crown inaanza kulia tumbo. Kila jiwe unalisikia kwenye sampo kama umelikanyaga mwenyewe peku.

Harrier iko juu kidogo, ikavumilia, ila kwenye mafuta haina huruma. Mark X basi tu, tuseme ilikuwa nzuri kwenye picha.

Kuna kipindi alipania kuagiza Harrier yake kutoka Japani. Akaona bei ya kule, akafurahi, akaanza kuwaaga washikaji wa daladala. Halafu akapiga hesabu za TRA: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likishazidi miaka 10 kuna ule ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Bado ushuru wa ukubwa wa injini, bado bandari. Akaifunga simu. Wanaosema "si angenunua tu" huwa hawajawahi kukaa na hiyo hesabu usiku.

Kwa hiyo kosa lake haliko kwenye kukodi. Liko kwenye neno moja dogo alilokuwa analitamka akifika nyumbani: "yangu."

Mwaka wa Harrier, mama yake mdogo alikuwa anaumwa, akaandikiwa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Songea. Kutoka Tunduru peke yake mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 250. Ukoo ukamtazama mwenye gari. Nani mwingine wangemtazama? Na yeye mwenye Harrier alikuwa amemwambia safari inaishia Masasi, irudi Dar baada ya siku mbili, na kila siku ya ziada ni hela. Angeweza kusema hivyo. Watu wangenuna kidogo, wangechanga, maisha yangeendelea. Badala yake akasema giaboksi ina shida.

Mama mdogo akapanda bodaboda mpaka Tunduru, kanga imekazwa tumboni, kisha basi. Alitibiwa, akapona, Mungu ni mwema. Ila jioni ileile Harrier yenye giaboksi mbovu ilionekana Tunduru mjini, imepaki chini ya taa, inapigwa picha.

Mjomba wake hakugomba. Na kwa Wayao mjomba siyo mtu wa pembeni, ndiye mwenye usemi kwa watoto wa dada zake. Alisema tu, "Gari lako, mwanangu, linaumwa siku ambazo na watu wanaumwa."

Maneno hayo yalimuuma kuliko faini zote za barabarani. Alivyonunua Probox, hakuangalia sura. Aliangalia kama spea zinapatikana Tunduru, kama nyuma inalaza mgonjwa au gunia za korosho, na kama fundi wa kawaida anaweza kuifungua bila kompyuta. Ni gari ambalo ukipita nalo stendi abiria wanakusimamisha wakidhani ni mchomoko. Shokapu za nyuma zimeisha, redio inashika stesheni moja. Lakini ukimpigia saa nane usiku, hana mtu wa kumwomba ruhusa.

Sasa huko ndiko watu wanakoita kushuka! Mtu akiwa na Crown ya siku nane anaitwa bosi, akinunua chuma chake kwa hela yake anaitwa kafulia. Na wengi wanaocheka wako kwenye kiti cha dirishani cha mwendokasi, jambo ambalo nalo halina aibu yoyote mpaka uanze kumcheka mwenye Probox.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba Mbesa walijua kitambo. Mtandaoni alikuwa anaziba namba ya gari kwa emoji, ila uani kwa mjomba emoji haibandiki. Mjomba aliwahi kuendesha lori la korosho. Anajua gari la mtu binafsi lina kibao cha njano na la biashara lina kibao cheupe. Crown ilikuja na cheupe. Harrier cheupe. Mark X cheupe. Mzee akanyamaza miaka yote mitatu.

Probox ilipoingia uani, mjomba aliizunguka taratibu, akainama mbele, akapangusa vumbi kwenye namba kwa kiganja. Njano.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, mjomba."

"Giaboksi nzima?"

"Nzima, mjomba."

"Haya. Kesho alfajiri mama yako mdogo ana kliniki Songea. Lala mapema."