Nguzo Isiyouzika

Ndugu zetu, juzi mmoja wetu alituma picha ya kibanda cha mirija ya karatasi, akaandika eti "huyu ndiye fundi wa wakimbizi". Wengi mkapiga makofi. Sisi tunaojitolea kambini hatukupiga.

Mchoraji wa kibanda kile ni Mjapani, Shigeru Ban. Mwaka 1994 Wanyarwanda zaidi ya milioni mbili walikimbia. HCR iliwapa shitingi za mita 4 kwa 6 pamoja na nguzo za alumini. Watu wakauza nguzo, wakaenda kukata miti ya kushikilia shitingi, misitu ikateketea. Ban akaifuata HCR na wazo lake: nguzo ya karatasi ngumu. Mwaka 1999 vibanda 50 vya majaribio vikajengwa katika kambi ya Byumba, Rwanda. Mwaka 2014 akapewa Tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo.

Tuseme haki. Wenzake wengi walikuwa wanachorea matajiri, yeye akawafikiria watu wanaotetemeka chini ya shitingi. Na karatasi yenyewe hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu ni huu: sifa mojawapo ya nguzo ile ni kwamba haina bei sokoni. Mkimbizi hawezi kuiuza! Jamani, kwani mtu anauza nguzo ya nyumba yake kwa kupenda? Aliyelala kambini anajua. Posho imeisha kabla ya mwezi kuisha, mtoto ana homa, chumvi hakuna, na nguzo iko pale inang'aa. Badala ya kumwongezea posho, wakamtafutia kitu kisicho na thamani. Hapo hatumlaumu Ban peke yake. Walioupokea mpango na kuusifia nao wana kesi.

Angalieni Ngagara, hapa hapa Bujumbura. Nyumba za OCAF zilijengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, na sidhani kama kuna mama yeyote aliyeulizwa anataka vyumba vingapi. Lakini zilikuwa nyumba za kudumu. Wenyewe wakavunja ukuta, wakaongeza vyumba vya nyuma, wakapangisha. Mkoloni huyo, na bado aliacha kitu chenye bei!

Kambini watu wenye michoro na tepu za kupimia bado wanakuja. Safari ijayo, kabla hatujawashikia hiyo tepu, tutawauliza: usiku huyu mama akiuguliwa na mtoto, katika kibanda chenu hiki atauza nini?