Picha Tulizotazama: Mwenzetu Alipotoka Nje

Masika yakishika, njia za kwenda delta hujaa matope na safari za mashua kutoka Nyamisati huwa za kubahatisha. Hapo ndipo sisi wa Kibiti tunapopata nafasi ya kukaa pamoja Jumamosi, baada ya kipindi cha akina mama. Safari hii tulikaa kutazama picha. Tumeona sinema tatu kwa Jumamosi tatu, na kwa kuwa wengi wenu huuliza ni picha gani inafaa kuingia nyumbani, tunawapa maoni yetu. Sisi si mabingwa wa sinema. Ni akina mama tu.

Picha ya kwanza waliileta vijana wetu. Walikuja mbio wakisema, "Mama, hii ni ya Rufiji!" Inaitwa Shout at the Devil, ilitolewa mwaka 1976, na wachezaji wake wakubwa ni Lee Marvin na Roger Moore. Ni kisa cha mwindaji haramu wa tembo na mwenzake Mwingereza, wanaosumbuana na Wajerumani mpaka wanafikia kuitafuta manowari iliyojificha katika delta yetu.

Msingi wa kisa ni wa kweli. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji. Haikutoka tena. Julai 1915 Waingereza waliipiga kwa mizinga ya meli mbili, huku ndege ikiwaonyesha shabaha kutoka juu, na Wajerumani wenyewe wakaimalizia. Vijana wetu hawakuwa wakiyajua hayo, na kwa hilo picha imewafaa.

Lakini Rufiji ya kwenye picha si Rufiji. Sinema ile ilipigwa Afrika Kusini na Malta. Bibi mmoja mzaliwa wa Salale aliutazama mto ule kwa muda, akasema, "Huo si mto wetu," akaendelea kuchambua mchele wake. Tulicheka sana.

Tusichokipenda ni mauaji yaliyochanganywa na mzaha. Mara watu wanapigana ngumi ili tucheke, mara nyumba inachomwa moto na mtoto mchanga anauawa. Waafrika wanakufa wengi, na wengi wao hata majina hatukuambiwa. Risasi zinalia toka mwanzo hadi mwisho. Vijana walikuwa wakishangilia kila mtu alipoanguka, kama wanavyofanya katika kibanda umiza kule sokoni.

Katikati ya kelele hizo mwenzetu mmoja alinyanyuka akatoka nje. Tunaungama kwamba hakuna aliyemfuata. Tulidhani amekwenda kuangalia chai jikoni. Picha ilipokwisha tulimkuta nyuma ya jiko, amejiinamia, kanga ameizungusha masikioni.

Ndugu msomaji, wewe uliye mbali huenda umesahau, lakini sisi wa Kibiti hatujasahau. Mwaka 2016 na 2017 wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, na askari polisi waliuawa katika eneo letu kwa risasi. Mwezi wa Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa siku moja. Jua likizama kila mtu alifunga mlango, na wapo waliohama. Mume wa mwenzetu huyu alikuwa mmoja wa waliopigwa risasi. Sisi tulilijua hilo. Tulikwenda msibani, tukapika, tukalala matanga. Kisha miaka ikapita, tukamwekea risasi sebuleni na kumwomba asogeze kiti aone vizuri.

Tulimwomba radhi, naye akatusamehe upesi kuliko tulivyostahili. Vijana nao walikuja mmoja mmoja kumwambia, "Mama, tusamehe." Wengi wao walikuwa wadogo mno wakati ule, hawakujua. Kumbe kosa lilikuwa letu sisi tusiowasimulia.

Jumamosi ya pili tulichagua wenyewe. Tuliipata Neria, picha ya Zimbabwe iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya mwandishi Tsitsi Dangarembga. Jesesi Mungoshi ndiye Neria. Kwa kuwa inazungumzwa Kiingereza, binti mmoja wa sekondari alisimama pembeni akitutafsiria, na kusema kweli alitia chumvi zake.

Neria na mumewe Patrick wamehangaika pamoja mjini mpaka wakapata nyumba. Patrick anafariki ghafla. Kaka yake, Phineas, anakuja kwa jina la mila, na taratibu anachukua kila kitu, hata watoto. Neria ananyamaza, analia, anavumilia. Rafiki yake ndiye anayemsukuma aende kwenye sheria. Tulichokipenda ni kwamba picha haiitukani mila. Inaonyesha kuwa mila ya kweli ilikuwa kumtunza mjane na watoto, na kwamba Phineas anaitumia kuficha tamaa yake. Humo pia yumo mwanamuziki Oliver Mtukudzi, naye ndiye aliyeimba wimbo wa picha. Huo ulituliza wengi.

Picha ilipokwisha palikuwa kimya. Mwenzetu yule akasema polepole, "Mikorosho yangu bado anavuna shemeji."

Hatukuwa tunajua. Miaka yote hii tumesali naye, tumeimba naye, na kila msimu wa korosho yeye ananunua chumvi kwa mkopo huku shamba alilolilima na mumewe likivunwa na mwingine. Tulimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mngeniuliza ningesema."

Basi tumeanza kwenda naye. Kwa faida ya wengine, njia ni hii: mjane hupata cheti cha kifo, ndugu hukaa kikao cha ukoo na kuandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane mwenyewe anaweza kuomba usimamizi, na si lazima awe mwanamume. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Aliyechelewa ataulizwa sababu, naye aieleze bila aibu. Shauri la mwenzetu halijakwisha. Mzee mmoja wa ukoo amekubali kuitisha kikao, na shemeji amesema atakuja. Tunaomba mtukumbuke katika sala.

Jumamosi ya tatu tuliketi na watoto. Tulitazama Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Sehemu kubwa ni Kiswahili, hata bibi wa Salale aliweka mchele chini. Jo ni mtoto wa miaka tisa, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayependa mno sinema za mashujaa wanaoruka angani. Mama yake anamtoa hospitalini ili siku zake awe nyumbani, na anataka akae ndani, asidhurike. Dada yake anawaomba wanakijiji wote wajifanye kwamba Jo ana nguvu za ajabu. Mwisho wake hatuusemi. Chukueni leso.

Tuliipenda kuliko zote, na sababu yake ni hii: kijiji kizima kinamwona mtoto mmoja. Ndivyo Bwana wetu alivyofanya kule Naini, katika Luka sura ya 7. Msafara ulikuwa mkubwa, lakini macho yake yalikwenda kwanza kwa mama mjane.

Tangu siku ile tumejiwekea kanuni ndogo. Kabla ya kuwasha picha tunatazama nani ameketi nasi, na amepitia nini. Vijana wakitaka picha za vita, mmoja wetu huketi nao, na zikiisha tunazungumza. Na mtu akitoka nje, mmoja hutoka naye, hata kama picha imefika patamu.

Jumamosi iliyopita mwenzetu alikuja mapema, akachagua kiti cha mbele. Alituletea korosho za kukaanga, za kununua. Alisema mwakani, Mungu akipenda, atatuletea za shambani kwake.