Mashimo ya Hyrax Hill na Nyumba za Nyasi za Japani

Mtu wa Mombasa au Lamu apandaye Nakuru kwa biashara, au kuwazuru jamaa zake, aghalabu huishia msikitini, sokoni na stendi ya basi. Safari nyingine na apite Hyrax Hill, kando ya njia ya Nairobi, alipochimba Bibi Mary Leakey mwaka 1937. Hapo pana mashimo yaitwayo ya Sirikwa. Kwa miaka mingi wataalamu waliyadhani kuwa nyumba za watu walioishi chini ya ardhi. Uchimbaji wa baadaye ulionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zenyewe zilijengwa ubavuni. Nyumba zimekwisha, zizi limebaki. Laiti pangalikuwa na mchoro mmoja tu, ubishi usingalizuka.

Japani tunaijua kwa mashine. Hata umeme wa mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza mwaka 1981 kwa mitambo ya Mitsubishi. Lakini Wajapani wana kazi nyingine ya kujifunza kwao. Tanaka Ryohei, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2019, alitumia umri wake kuchora nyumba za mashamba zilizoezekwa nyasi, miti isiyo na majani, mashamba na vijia vya vijijini. Alianza katika miaka ya 1960, wakati viwanda na saruji vilipokuwa vikizimaliza nyumba hizo.

Kazi yenyewe yataka subira. Bamba la shaba hupakwa nta, msanii akachora kwa sindano, kisha bamba hutiwa katika tindikali ikala pale palipokwaruzwa. Wino hujazwa katika mifereji hiyo, na karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake. Kila nakala hutiwa nambari na sahihi kwa penseli. Kwa kuwa nakala ni nyingi, bei yake huwa nafuu kuliko ya picha ya rangi iliyo moja tu, hata mtu wa kadiri aweza kukusanya. Mjini Tokyo, chama cha wanawake waliosoma vyuo kimekuwa na maonyesho ya picha za namna hii tangu mwaka 1956, na faida yake husomesha wanafunzi.

Nasi tuchungao tusitundike sura za viumbe ukutani, hapa twapata jambo letu. Nyingi za picha hizo hazina mtu wala mnyama. Ni paa, ukuta, mti na theluji.

Atatokea wa kusema: simu zatosha. Kweli simu hupiga picha elfu, lakini simu ikipotea hupotea nazo. Tena, ni nani apigaye picha duka kuukuu la mabati, au nyumba za reli iliyofika Nakuru mwaka 1900? Sisi hupiga harusi.

Na wakati hautungoji. Nakuru imekuwa jiji tangu mwaka 2021, na maghorofa yanapanda. Ziwa nalo limefurika tangu miaka ya 2010. Maji yalilimeza lango kuu la zamani la mbuga na kuwahamisha wakazi wa Mwariki, na makundi makubwa ya heroe yakahamia maziwa mengine. UNESCO iliyatia maziwa ya Bonde la Ufa katika urithi wa dunia mwaka 2011, mwaka ule ule wa Fort Jesus. Mji wa kale wa Lamu uliingia mwaka 2001. Cheti hicho ni heshima, ila hakizuii maji wala tingatinga.

Basi serikali za kaunti na majumba ya makumbusho yafaa ziwanunulie vijana bamba na wino, kisha zinunue kazi zao: Bondeni ya Nakuru, mabanda ya makuti, baraza za Lamu. Nasi wenye nyumba, badala ya kalenda ya mwaka jana, tutundike mchoro mmoja wa nyumba ya babu. Wajukuu wasije wakachimba kiwanja chetu wakabishana kama tulilala zizini.