Siwa ni ya Nani?

Wako wasomi miongoni mwetu ambao bado wanautamani utukufu wa viti vya enzi. Humwona Mfalme wa Uingereza amevaa taji, anafungua kikao cha Bunge lake, nao husema: "Tazameni wenzetu wanavyoienzi mila yao! Mwacha mila ni mtumwa." Methali ni ya kweli, lakini wameitumia mahali pasipo pake.

Kwanza, hawakijui wanachokisifu. Mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia na askari katika Baraza la Makabwela ili awakamate wabunge watano. Kwa kulikumbuka jambo hilo, mjumbe wa mfalme hufungiwa mlango usoni kila kikao kinapofunguliwa, naye hana budi kubisha hodi mara tatu. Hata hotuba anayoisoma mfalme huandikwa na mawaziri. Basi ndani ya fahari ile mna kumbukumbu ya umma uliomwekea mtawala mipaka. Anayeiga majoho na kuisahau kumbukumbu hiyo amebeba makapi, akaacha punje.

Pili, sisi wenyewe tulipata kuwa chini ya taji hilo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa miaka 19 halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Fahari ilikuwapo, mwananchi hakuwapo. Hata baada ya Uhuru, tangu tarehe 9 Desemba 1961 hadi tarehe 9 Desemba 1962, mkuu wa nchi yetu alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa gavana wa kikoloni. Mwaka mmoja ulitutosha. Tukachagua Jamhuri.

Mimi naandika nikiwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Si mbali na hapa, huko Ngare Nanyuki, mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa katika ardhi yao ili walowezi wapewe mashamba, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Hakuvaa taji wala hakutanguliwa na siwa. Hakurudi na ardhi. Lakini dunia ilimsikia mkulima wa Tanganyika akijisemea mwenyewe. Nani atathubutu kusema kwamba siku ile ilikosa heshima?

Nimeitaja siwa. Jina hilo tumelipa rungu la Bunge letu, nalo ni jina letu hasa. Siwa za kale za Pate na Lamu zilikuwa pembe kubwa, za ndovu na za shaba, zilizopulizwa katika sherehe za watawala na harusi za waungwana. Siwa ya kale ilikuwa na sauti, bali ilikuwa sauti ya wakubwa. Siwa ya leo ni ya umma, bali hubebwa kimya. Pumzi yake ni maneno ya wabunge. Wakinyamaza mbele ya dhuluma, siwa imekuwa pambo tu, hata ikinakshiwa kwa dhahabu.

Sisemi sherehe zifutwe. Taifa lisilo na adabu ya mambo yake halijiheshimu. Ninalolipinga ni kuipima heshima ya Bunge kwa kitambaa cha joho badala ya kuipima kwa haki ya mkulima.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, Rais anapolihutubia na kulifungua Bunge jipya kule Dodoma, msiwaulize wanafunzi nani alivaa nini. Wapeni daftari waandike kila ahadi. Na mbunge atakapofika kijijini, wamsomee.